Uzamivu Ulaya: sikuomba ufadhili, niliomba kazi

Nikisema niko Delft, Uholanzi, nasomea shahada ya uzamivu (PhD), swali ni lile lile: "Nani anakufadhili?" Hakuna. Nimeajiriwa, na kodi nakatwa kama wengine.

Kilichoniudhi ni ushauri niliopewa nikiwa Arusha. Subiri tangazo la ufadhili. Watumie maprofesa barua ile ile, atajibu mmoja. Kuna aliyetaka nimlipe wakala, na si hela ndogo! Jamani, Uholanzi, Uswidi, Denmark na Norwei, nafasi nyingi za uzamivu katika uhandisi na sayansi ni ajira. Uholanzi mkataba kwa kawaida ni miaka 4, Denmark 3. Zinatangazwa wazi: EURAXESS kwa Ulaya nzima, AcademicTransfer kwa Uholanzi, Jobbnorge kwa Norwei. Kuziangalia ni bure.

Ila mimi sikungoja matangazo. Umoja wa Ulaya una kanzidata ya wazi, CORDIS, inayoorodhesha miradi ya utafiti iliyokwisha kupewa fedha. Unaingiza neno la fani yako, inakupa tarehe ya kuanza, chuo kinachoratibu na washirika wake. Nilikuwa nachambua tarehe tu. Mradi ulioanza miaka miwili nyuma, naruka. Ambao haujaanza, au umeanza juzijuzi, hapo ndipo natulia, maana fedha zipo na watu bado hawajaajiriwa. Nikaupata mmoja wa maji safi, chini ya Marie Skłodowska-Curie, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kugharamia watafiti, nikamwandikia kiongozi wake. Kazi hakunipa, kwa sababu lazima itangazwe kwa wote, lakini alinijulisha mwezi wa tangazo na maabara zitakazoajiri. Wengine walipoanza kuhangaikia walimu wa kuwaandikia barua za mapendekezo, walimu wangu walishakubali kuniandikia.

Mpango huo una sharti linalotubeba sisi tulio nyumbani: ndani ya miezi 36 kabla ya kuajiriwa, usiwe umeishi wala kufanya shughuli zako kuu kwenye nchi inayokuajiri kwa zaidi ya miezi 12. Aliyetoka kusomea shahada yake ya umahiri ya miaka miwili Uholanzi, Uholanzi hiyo hiyo imemfungia mlango. Ajaribu nchi nyingine.

Barua yangu ilikuwa ukurasa mmoja na mchoro mmoja, yaani grafu. Mchoro ulitoka kwenye kazi yangu ya umahiri: maji ya kisima cha chini ya Mlima Meru, yale yanayotupaka meno kahawia, yakipitishwa kwenye bomba la plastiki lililojazwa mkaa wa mifupa. Mkaa huo hunasa floraidi, madini yanayoharibu meno: mwanzoni kiwango chake majini kinabaki chini, kisha mstari unapanda na kuvuka miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani.

Kwenye usaili wakaung'ang'ania mchoro huo. Kwa nini mstari umepanda mapema hivi? Nikawaambia pH ya maji yale, yaani kipimo cha uasidi, iko juu, maana yake hayana asidi, na mkaa wa mifupa hushika floraidi vibaya pH ikiwa juu. Sasa mbona hukuishusha kwa asidi? Nikajibu: mama wa kijijini atainunua wapi asidi, na nani atampimia? Tukabaki hapo hapo karibu muda wote uliosalia. Alama zangu hawakuzigusa.

Viza na kibali vilishughulikiwa na chuo. Wewe jiandae na akiba ya mwezi na ushee, kwa sababu mshahara wa kwanza unaingia mwisho wa mwezi, na mwenye nyumba anataka dhamana kabla hajakupa ufunguo.