Siku Moja Nyuma ya Miksa

Saa tatu asubuhi, mimi na fundi mitambo ninayejifunza kwake, ambaye sote tunamwita Mzee, tunapakia spika kwenye kirikuu kwa ajili ya harusi ya jioni. Majirani hapa Tabata wanaamini kwamba kazi yetu ni kufungulia muziki na kusubiri pilau, kwa hiyo nawaandikia siku nzima ya mwanafunzi wa kazi hii. Kupakia, foleni ya Barabara ya Mandela na kushusha mizigo ukumbini Mbagala vilikula muda hadi saa saba mchana.

Saa nane tulianza kuunganisha. Sauti ikiingia kwenye maiki hugeuka kuwa umeme dhaifu mno, wa milivolti chache tu, ambao miksa, mashine ya kuchanganya na kurekebisha sauti, huukuza kabla amplifaya haijaupa nguvu ya kusukuma spika. Mzee hafundishi kwa maneno mengi: huchomoa waya mmoja kimyakimya, kisha huniambia nitafute sauti imepotelea wapi. Nilizungumza kwenye maiki huku nikitazama taa ndogo ya kijani kwenye chaneli yake, yaani safu ya vitufe vya maiki hiyo kwenye miksa. Ilipowaka, nilijua maiki na waya wake ni vizima, na kwamba tatizo liko mbele ya hapo. Spika mbili za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) zikiunganishwa sambamba, amplifaya huziona kama omu 4, na yetu haistahimili chini ya hapo, kwa hiyo hatuongezi spika nyingine, hata mwenyekiti wa kamati akilalamika kwamba ukumbi ni mkubwa. Amplifaya huwashwa mwisho na kuzimwa kwanza, kwa kuwa mshindo wa kuwasha miksa unaweza kuunguza spika.

Saa mbili usiku maharusi waliingia, na mshereheshaji akaanza kututesa.

“Fundi, ongeza sauti!” alisema, huku kiganja chake kimefunika kichwa chote cha maiki, kama wanavyofanya wasanii kwenye video. Maiki zetu zimeundwa zisikie zaidi mbele na zipuuze nyuma, na kinachowezesha hilo ni matundu yaliyo nyuma ya wavu. Kiganja kikiyaziba, maiki husikia pande zote, spika zikiwemo. Alipoteremka jukwaani na kupita mbele ya spika, maiki ikaichukua sauti ya spika, miksa ikaikuza, spika ikaitoa tena kwa nguvu zaidi, na mluzi ukapasua ukumbi. Wageni waligeuka kututazama sisi. Aliyeshika maiki hana kosa kamwe.

“Naona mafundi wetu leo hawajala,” akasema, na ukumbi mzima ukacheka.

“Usiongeze, punguza,” Mzee aliniambia. Nikashusha kidogo kijiti cha hezi 2,500 kwenye ikwalaiza, kifaa cha kupunguza au kuongeza sauti nene na nyembamba kila moja peke yake, mahali mluzi ulipokuwa ukilia, na maneno yakasikika vizuri kuliko mwanzo, ingawa sauti ilikuwa imepungua. Wakati wa chakula Mzee alimfuata mshereheshaji: “Kaka, tafadhali shika maiki chini ya wavu, na usipite mbele ya spika.” Alijibiwa kwamba yeye ameanza kusherehesha kabla yetu. Hata hivyo alitii, kwa takriban dakika kumi.

Baadaye sikuwa na haja tena ya kutazama saa. Baba wa bwana harusi aliiweka maiki usawa wa kitovu na kunong’ona, nikampandisha hadi mwisho, ghafla akaileta mdomoni na kupaza “Bwana asifiweee!”, nami nikarukia kijiti chake kabla spika hazijakwaruza. Baada ya hapo mkono wangu haukuondoka kwenye chaneli ile, miguu ikiwaka moto na pilau ikipoa chini ya meza.

Mwenyekiti alipokuja kumalizia malipo alituambia kwamba sauti ilikuwa nzuri, ila siku nyingine tulete spika kubwa zaidi. Mzee aliitikia, “Sawa, mkubwa,” akaendelea kukunja nyaya, duara moja mbele na la pili kinyume, ili zisijisokote kwa ndani. Mmoja ulikuwa ukikwaruza kila ulipoguswa karibu na plagi. Alinikabidhi, nikaulehemu kesho yake asubuhi kabla ya kupakia tena.