Kompaila na ianze na mstari wangu

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiandika, kwa lugha ya C++, programu ndogo ya kutunza hesabu za shemeji yangu, ambaye hununua dagaa na sangara katika mwalo wa Kirumba hapa Mwanza. Jumamosi iliyopita nilitaka mizigo ipangwe kwa uzito. Nilikuwa nimeihifadhi katika `std::list`, aina mojawapo ya orodha za C++. Nikaipitisha kwenye `std::sort`, kazi ya maktaba ya C++ inayopanga vitu, na skrini ikafurika ujumbe wa makosa hata sikuuona tena mstari nilioandika mimi.

Kosa lilikuwa langu, tena la kawaida. `std::sort` hutaka kurukia nafasi yoyote ya orodha papo hapo, ilhali `std::list` hupitiwa hatua moja moja, mbele au nyuma. GCC, kompaila yangu (programu inayogeuza msimbo kuwa kitu kompyuta inachoweza kuendesha), haikuniambia hivyo. Ilidai kwamba ndani ya faili `stl_algo.h` la maktaba hiyo, ambalo sijawahi kuligusa, hakuna alama ya kutoa (`-`) inayofaa kwa aina zilizopo, kisha ikaniorodheshea alama za kutoa za aina nyingine ilizojaribu bila mafanikio. Aliyewahi kulisoma faili hilo anajua kwamba kazi ya kupanga huanza kwa kutoa nafasi ya mwanzo katika ya mwisho, ili kupima ukubwa wa kazi; asiyelisoma (na ni wengi) atadhani maktaba yenyewe ni mbovu.

Chanzo ni kwamba violezo vya zamani, yaani msimbo ulioandikwa mara moja ili utumike kwa aina nyingi za data, havitangazi masharti yake mlangoni. Kiolezo huita kingine, nacho kingine, na kompaila huripoti pale ilipokwama badala ya pale ilipokosewa. Toleo la C++20 liliruhusu masharti hayo kuandikwa wazi, na nilipojaribu `std::ranges::sort`, kazi ya kupanga iliyoandikwa kwa masharti hayo, ujumbe ulitaja `random_access_iterator`, yaani sharti lenyewe la kuweza kurukia nafasi yoyote, ingawa bado ulikuwa mrefu kuliko ninavyopenda. Tangu GCC 10, chaguo la kompaila `-fconcepts-diagnostics-depth` huamua maelezo ya sharti lililovunjwa yaende kina gani. Lisipoguswa ni hatua moja, na kwa maoni yangu hiyo inatosha.

Kinachonifurahisha zaidi ni chaguo `-fdiagnostics-show-template-tree`, lililomo katika Clang, kompaila nyingine, na, tangu 2018, katika GCC 8. Niliwahi kupeleka ramani (`map`, jedwali linalounganisha jina na thamani yake) ya majina ya mitumbwi na vekta, yaani orodha, za `int` (namba kamili) mahali palipotakiwa vekta za `double` (namba zenye desimali). Badala ya aina mbili ndefu zinazofanana kama pacha, nilipata hivi:

```
map<
  [...],
  vector<
    [int != double]>>
```

Yanayolingana yamefichwa, tofauti imebaki peke yake.

Mizigo ya shemeji sasa imo katika `std::vector`, ambayo huruhusu kurukia nafasi yoyote. Kiolezo changu cha kuipanga nimekiwekea sharti hilo kwa `requires`, neno la C++20 la kuandika masharti, na nilipokijaribu makusudi kwa `std::list`, kosa liliripotiwa kwenye mstari wangu, bila kutajwa kwa `stl_algo.h`.