Jinsi nilivyoacha kuvutana na wanangu asubuhi

Naishi Nkuhungu, kazi yangu iko Mtumba kwenye Mji wa Serikali, upande wa pili kabisa wa Dodoma. Nina watoto wawili: wa darasa la tatu na wa chekechea.

Asubuhi zetu zilikuwa vita. Bomba kavu, mkaa haushiki, soksi moja haionekani, mdogo analia uji unamuunguza. Siku moja nilimvuta mkono njiani hadi akaanguka vumbini. Hakulia, aliniangalia tu. Iliniuma sana.

Jioni ile nikahesabu ni nini hasa kinakula muda. Nilidhani ni maji. Kumbe ni uji! Kuwasha jiko, kuchemsha na kupoza, karibu nusu saa.

Sasa naupika usiku kabla ya kulala, makaa ya chakula cha jioni yakiwa bado na moto. Namimina kwenye chupa ya chai niliyoisuuza kwanza kwa maji yanayochemka. Usipofanya hivyo, alfajiri unakuta vuguvugu. Naupika mwepesi, maana uji wa ulezi ukilala huzidi kuwa mzito. Sukari naweka asubuhi.

Maji yakitoka, hata usiku wa manane, naamka kujaza ndoo. Soksi mkubwa anaziweka mwenyewe ndani ya viatu.

Siku hizi mdogo akisimama njiani kuokota vijiwe, namsubiri.