Si kila alichokisema kilikuwa ugonjwa

Vidonge nilivikuta nilipokuwa nikibadilisha foronya. Vilikuwa 19, vimesukumwa ndani ya mto kupitia tundu dogo la mshono, vingine vimeanza kumomonyoka kwa mate, nami nikaelewa kwamba mdogo wangu alikuwa akivibana chini ya ulimi, ananiachamia kinywa nikikague, kisha nikigeuka anavitema. Nilikasirika kuliko siku nyingine yoyote tangu augue, kwa sababu kwa miezi kadhaa usingizi wangu, kazi yangu na hata safari zangu fupi zilikuwa zimepangwa kwa saa za vidonge vile. Nilimpigia kelele nikiwa nimevishika kiganjani. Yeye hakujitetea sana, alisema tu, "Dada, nilikwambia kuhusu miguu."

Ni kweli alikuwa ameniambia.

Daktari alipotutajia skizofrenia, ugonjwa wa akili, mdogo wangu alikuwa na miaka 22, na tulielezwa kwamba kwa wanaume ugonjwa huu mara nyingi hujitokeza kati ya mwisho wa ujana na katikati ya miaka ya ishirini, ilhali kwa wanawake wengi huchelewa kidogo. Alikuwa amefunika televisheni kwa shuka kwa kuwa iliyasoma mawazo yake, na alisikia sauti mbili zikimjadili kana kwamba hayupo. Alianzishiwa haloperidoli, dawa iliyogunduliwa mwaka 1958 na ambayo bado inatumika sana, na baada ya muda sauti zilififia. Sisi nyumbani tukahesabu kwamba kazi imekwisha.

Hapo ndipo alipoanza kutembea. Alitoka mlangoni hadi dirishani, dirishani hadi mlangoni, akikaa anainuka, akisimama anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mwingine kama mtu anayekanyaga mchanga wa moto, na aliponiambia kwamba miguu inamwasha kwa ndani na haimruhusu kutulia, nililiweka neno hilo kwenye kapu lilelile la televisheni inayosoma mawazo. Tena nilifanya baya zaidi: nilikwenda kliniki nikaripoti kwamba "amezidi", dozi ikaongezwa kwa ushahidi wangu, na kutembea kukawa kwa mchana na usiku. Ndipo alipoanza kuvitema vidonge.

Aliyetufumbua macho ni muuguzi mmoja ambaye, tofauti na wote waliomtangulia, alimwuliza yeye badala ya kuniuliza mimi. Alimwomba akae, akayatazama magoti yake kwa dakika mbili hivi bila kusema, kisha akamwuliza, "Ukijilazimisha kukaa, ndani unajisikiaje?" Mdogo wangu alijibu kwa ufasaha ambao sikuwa nimeusikia kwake kwa muda mrefu. Hali ile inaitwa akathisia. Huletwa na dawa, hasa katika majuma ya mwanzo au dozi inapopandishwa, huwafanya wengi waache matibabu, na inapokuwa kali inaweza kumfikisha mtu kwenye mawazo ya kujiua. Daktari alipunguza dozi na kumwongezea propranololi, ambayo wengi wetu tunaijua kama dawa ya shinikizo la damu. Siku chache baadaye alikaa mezani hadi mlo ukamalizika, na mama akajifanya hajaona ili asimwaibishe.

Baada ya hapo nilianza kuyachambua upya malalamiko yake mengine, na moja lilinichoma. Kwa muda mrefu alidai kwamba usiku watu hunong'ona habari zake nyuma ya ukuta. Ukuta ule ulikitenga chumba chake na chumba cha wazazi, na kila usiku mimi, baba na mama tuliketi humo tukinong'ona habari zake: amekula nini, amemtazama nani vibaya, apelekwe wapi. Sauti mbili za mwanzo zilikuwa za ugonjwa, sina shaka. Lakini hizi tatu zilikuwa zetu. Tulikubaliana kwamba jambo linalomhusu litasemwa mezani akiwepo au halitasemwa kabisa, na baba ndiye aliyepata taabu zaidi kulishika sharti hilo.

Muuguzi yule ndiye aliyenieleza kuhusu utafiti uliofanywa London na George Brown pamoja na wenzake kuanzia miaka ya 1950, ulioonyesha kwamba wagonjwa wanaorudi katika nyumba zenye lawama, uhasama au kuingiliwa kupita kiasi huugua tena kwa urahisi zaidi. Hii haina maana kwamba familia ndiyo huleta skizofrenia. Ile nadharia ya zamani ya kumtwisha mama kosa ilikataliwa, na ilistahili kukataliwa. Lakini niliposikia maneno "kuingiliwa kupita kiasi" nilijiona nimeshika tochi, namkagua mtu mzima kinywani.

Kuhusu sauti zenyewe, niliacha kubishana nazo. Zamani nilimthibitishia kwa hoja kwamba hakuna mtu, naye akabaki na hofu yake pamoja na ugomvi wangu. Siku hizi husema, "Mimi siisikii, ila naona imekutisha, ungependa tufanye nini?" Sikubali kwamba ipo, wala simwiti mwongo. Mara nyingi hutaka tu tutoke nje kidogo.

Haikuwa njia iliyonyooka. Mwaka uliofuata aliugua tena akalazwa wiki tatu, na aliporuhusiwa alichagua mwenyewe sindano ya kila mwezi, akasema anataka kinywa chake kiwe chake. Tulianzisha pia daftari la dalili za mapema, zile ambazo yeye mwenyewe huzitambua: kulala chini ya saa 5 kwa siku tatu mfululizo, kukwepa vioo, kuacha kuoga. Zikionekana mbili, tunakwenda kliniki siku hiyohiyo, na huko yeye ndiye huzungumza kwanza. Mimi huongeza kilichobaki, nikiulizwa.

Mwanzoni niliandika mimi. Sasa huandika yeye, kwa herufi ndogo zilizobanana, na juzi aliniachia daftari wazi mezani. Alikuwa ameandika: "Nimelala kwa muda wa saa 7. Sauti moja, kwa mbali. Miguu imetulia. Dada amegomba mara mbili."

Zilikuwa mara tatu.