Anania hakuahidiwa ulinzi

Jana kwenye jumuiya hapa Tabata tulisoma Matendo 9. Kawaida wote tunamkimbilia Sauli, mwanga wa njiani, kuanguka chini, siku tatu haoni, ila mi safari hii niligandia kwa Anania. Huyu baba alijua kabisa Sauli anakuja Dameski na mamlaka ya makuhani wakuu aje afunge watu kama yeye, halafu anaambiwa ondoka ukamwekee mikono. Akaanza kumwelezea Mungu jinsi jamaa alivyo hatari, yani kama vile Mungu hana hizo taarifa, nilicheka. Jibu lenyewe, "Nenda tu". Akaambiwa kwamba yule ni chombo kiteule na kwamba anaomba, sawa, lakini kuhusu usalama wake yeye Anania hamna neno hata moja. Na alipofika akamwita "Ndugu Sauli". Hapo ndo nimeshindwa kabisa, mi ningemwekea mikono nikiwa nimesimama karibu na mlango.

Sisi huku tumezoea maombi ya ulinzi, funika nyumba kwa damu ya Yesu, funika gari, funika biashara, sio vibaya, ila tunamhadithia Danieli kwa sababu alitoka shimoni mzima. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda mbona hatumhadithii sana? Februari 1977 yeye na maaskofu wenzie walimwandikia Idi Amin barua kupinga mauaji, tarehe 16 mwezi huohuo akauawa, serikali ikasema eti ajali ya gari. Simba wa kule hawakufumbwa vinywa, na bado sioni kama alitii kidogo kuliko Danieli.

Haya yananihusu kwa sababu ya binti wa kazi wa hapa tunapopanga. Mwenye nyumba anampiga, na sio kibao kimoja, tunasikia wote hadi wapangaji wa uani, asubuhi kila mtu anafagia kwake kimya. Nilipogusia, jirani mmoja akaniambia mama we una watoto wadogo, utawapeleka wapi. Na kweli kodi ya miezi sita nimeshalipa, mwenye nyumba ana hasira na ana watu wake hapa mtaani. Nimemwomba Mungu anipe ishara, mume wangu akaniuliza ishara gani tena wakati kelele unazisikia kila usiku.

Basi Jumatatu naenda dawati la jinsia na watoto pale polisi. Mama wa chumba cha uani kasema atanisindikiza ila jina lake lisiandikwe popote, na simlaumu, ana mambo yake. Naogopa jamani, tumbo linanikata toka jana. Tukitolewa vitu nje sijui hiyo kodi itarudi vipi, ila mume wangu ameshaanza kuulizia vyumba Segerea.