Mana Kabla ya Sinai

Andiko la juma: Kutoka 16:1–30

Wapendwa katika Bwana, amani iwe kwenu.

Wengi wetu tukisoma kitabu cha Kutoka tunavuka Bahari ya Shamu kisha tunakimbilia Mlima Sinai, kana kwamba hapo katikati hapakutokea jambo la maana. Amri Kumi ziko sura ya 20. Mana, chakula alichowashushia Mungu watu wake jangwani, iko sura ya 16. Kabla mbao za mawe hazijaandikwa, kabla watu hawajaambiwa wasiue, wasiibe, wasizini, tayari walikuwa wanafundishwa saa ya kuamka, kiasi cha kuokota, kiasi cha kula na siku ya kutulia hemani. Mungu alianza na mazoea ya kila siku. Juma hili ningependa tukae hapo, kwa sababu mwalimu huyu alijua wanafunzi wake wametoka wapi.

Waisraeli walikuwa wametoka kwenye matofali, utumwani Misri. Mwezi mmoja tu nyuma ndiyo ilikuwa kazi yao: udongo unakandwa kwa maji na majani makavu, unashindiliwa kwenye kalibu, tofali linaanikwa juani, halafu lingine, halafu lingine, mpaka hesabu ya siku itimie. Farao alipokasirika aliwanyima majani, lakini hesabu hakuipunguza hata tofali moja. Watu wakatawanyika kuokota mabua mashambani, na hesabu ilipopungua wanyapara wa Kiisraeli wakachapwa. Walipokwenda kulalamika walijibiwa maneno ambayo kila mchovu ameshawahi kuyasikia kwa namna moja au nyingine: "Wavivu ninyi, wavivu." Na matofali hayo yote yalikuwa ya kujengea nini? Sura ya 1 mstari wa 11 inatutajia Pithomu na Ramesesi, miji ya kuwekea akiba. Maghala ya Farao.

Sasa watu hao hao wako jangwani, na asubuhi umande unapokauka wanaona chini kitu kidogo, chembamba kama sakitu. Wanaambiwa kila mtu aokote kipimo cha pishi moja kwa kila kichwa hemani mwake. Aliyeokota kingi akipima hakuna kilichozidi, aliyeokota kidogo hakuna kilichopungua. Jua likipanda kinayeyuka. Wako waliokificha mpaka kesho yake. Asubuhi kilikuwa kimeingia mabuu na kunuka, na Musa akawakasirikia. Mimi siwalaumu sana. Mtu aliyejenga maghala maisha yake yote atajuaje kulala usingizi bila akiba uvunguni?

Ila angalieni siku ya sita. Siku hiyo waliokota maradufu, wakaweka mpaka asubuhi, na hakikuoza. Kwa hiyo kuweka akiba hakukuwa dhambi. Akiba ya siku ya sita iliwekwa ili siku ya saba mtu apumzike, na ikakaa salama. Ile ya siku nyingine iliwekwa kwa hofu.

Tunaishi katika dunia ya viwanda, na nadhani tuna mambo mengi ya kujifunza upya kama wao. Chukueni chakula. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 inasema kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na kwamba asilimia 60 hivi ya hicho kilitupwa majumbani. Sio viwandani, sio hotelini. Majumbani, kwa mikono ya watu ambao huenda walikishukuru kabla ya kukila. Usiku mmoja wa juma hili, kabla hujautoa uchafu nje, fungua ndoo uangalie. Utaona kipande cha jana kilichosahaulika nyuma ya vingine, tunda lililolainika upande mmoja tu likatupwa zima, kiporo ambacho kila mtu alisubiri mwingine akile, na vifungashio vilivyotumika kwa dakika chache ambavyo vitakuwapo ardhini wakati wajukuu wetu wamezeeka. Bwana wetu alipowalisha watu 5,000 alikuwa na uwezo wa kutengeneza kingine kesho yake. Bado aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki, kisipotee kitu, na vikajaa vikapu 12. Huo ulikuwa ni muujiza uliofuatiwa na usafi wa jikoni, na Yohana hakuona aibu kuviandika vyote viwili.

Kuna upande mwingine wa chakula unaogusa afya zetu moja kwa moja. Mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall na wenzake huko Marekani walichapisha jaribio la watu 20 waliokaa katika kituo cha utafiti kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa chakula kilichosindikwa sana viwandani, wiki mbili wakapewa chakula cha asili kilichopikwa. Vyakula vilivyowekwa mezani vililingana kwa nishati, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu aliruhusiwa kula apendavyo. Wakiwa kwenye kile cha kiwandani, walikula takriban kilokalori 500 zaidi kila siku, wakaongezeka karibu kilo moja. Wakiwa kwenye kile kingine, walipungua karibu kilo moja. Hakuna aliyekuwa ameamua kula sana. Walikula kwa haraka zaidi, na huenda shibe ilichelewa kuwafikia.

Ninalitaja hilo kwa sababu tumezoea kuhubiri juu ya kiasi kana kwamba ulafi wote ni tabia mbovu ya mtu binafsi. Nimewahi kusikia mahubiri ya namna hiyo mbele ya waumini wanaougua kisukari na shinikizo la damu, na nikawaona wakiinamisha vichwa. Kiasi ni tunda la Roho, Wagalatia 5 inasema hivyo waziwazi. Lakini mana ilikuja na pishi lake, na jua likaondoa iliyobaki. Mungu hakuwaachia watu waliotoka utumwani wapambane na tamaa kwa nia njema peke yake; aliyapanga mazingira yao. Basi na sisi tupange yetu. Kisicholetwa nyumbani hakiliwi saa tano usiku. Kinywaji kitamu kisipokuwa mezani, maji yatanywewa. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa iwe chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, na chumvi ya mtu mzima isifike gramu 5 kwa siku. Ukipika mwenyewe unaviona vijiko vyako. Vya kiwandani vimeandikwa nyuma ya pakiti kwa herufi ndogo, na ni vizuri kuwa na tabia ya kuzisoma.

Kuhusu mwendo sitasema mengi. Waisraeli walitembea. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris alichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London: madereva waliokuwa wamekaa kutwa nzima waliugua moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi za basi kukata tiketi. Basi lile lile, barabara ile ile, moshi ule ule. Dakika 150 za mwendo wa wastani kwa juma ndizo mtu mzima anazoshauriwa kwa uchache, na anayekwenda ibadani kwa miguu akarudi kwa miguu ameshaanza kuzihesabu.

Usingizi unanigusa zaidi. Tangu taa ya umeme ilipoanza kuenea mwishoni mwa karne ya 19, usiku umekuwa muda wa ziada wa kazi, na sasa simu imeumalizia. Mwanga ukitupiga machoni usiku, mwili unachelewa kutoa homoni ya melatonini inayotuandaa kulala. Kwa hiyo unakuta mtu amesali sala ya usiku, amemkabidhi Bwana maisha yake, kisha anaangalia ujumbe wa kazi mara moja tu, na saa nzima inapita. Zaburi ya 127 inawaambia wanaodamka mapema na kukawia kulala kwamba wanajitaabisha bure, maana Bwana humpa mpenzi wake usingizi. Eliya alipofika mwisho wa nguvu zake chini ya mti wa mretemu, akaomba afe, malaika hakumletea mahubiri. Alimgusa, akamwambia, "Inuka, ule." Kulikuwa na mkate juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Aliguswa mara ya pili, akala tena, ndipo akapewa safari. Watumishi wa Mungu wanaojisifu kwamba hawalali wamsome nabii huyu upya.

Lakini hapa lazima niseme jambo ambalo tafakari nyingi za afya hulikwepa. Wako kati yetu wasioweza kuchagua saa za kulala. Yupo anayefanya zamu ya usiku, yupo mwenye ajira mbili, yupo mama anayelala baada ya wote na kuamka kabla ya wote. Kumwambia mtu wa namna hiyo "pumzika, ndugu" bila kugusa kinachomzuia ni kumwongezea tofali. Amri ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati 5 inalijua hilo. Inamwambia mwenye nyumba apumzike yeye, mwanawe, binti yake, mtumwa wake, mjakazi wake, hata ng'ombe na punda wake, ili mtumwa na mjakazi wapumzike vilevile kama yeye. Na sababu inayotolewa ni kumbukumbu: ulikuwa mtumwa katika nchi ya Misri. Mzigo wa amri umewekwa mabegani mwa mwenye mamlaka. Kwa hiyo wewe mwajiri, msimamizi, mkuu wa idara, mzee wa kanisa unayeitisha vikao mpaka usiku, juma hili jiulize ni nani asiyelala kwa sababu yako. Binti anayewasaidia nyumbani analala saa ngapi? Siku yake ya kupumzika ni ipi, na je, akiipata huwa mnampigia simu? Afya yangu nikiijenga juu ya uchovu wa mwingine, nimerudi Ramesesi, safari hii nikiwa upande wa wanaoshika fimbo.

Na vitu tunavyonunua? Mwezi Desemba 1924 makampuni makubwa ya kutengeneza balbu yalikutana Geneva yakaunda umoja wao. Miongoni mwa makubaliano yalikuwa kwamba balbu iwake saa 1,000 kisha iungue, ingawa zilizokuwapo ziliweza kuwaka muda mrefu zaidi. Kampuni ambayo balbu zake zilidumu kupita kiasi ilitozwa faini. Faini kwa sababu ya kazi nzuri! Wakati huohuo, katika kituo cha zimamoto cha Livermore, California, kuna balbu iliyowashwa mwaka 1901 ambayo imeendelea kutoa mwanga kwa zaidi ya karne moja. Nikisoma hayo nakumbuka Kumbukumbu la Torati 8:4, Musa akiwaambia watu kwamba miaka arobaini nguo zao hazikuchakaa wala miguu yao haikuvimba. Siku hizi nguo kutochakaa inaonekana karibu kuwa hasara kwa muuzaji. Mwamini anayeshona kilichochanika, anayemkabidhi fundi kilichoharibika, anayekaa na simu yake mpaka ikatae kabisa, watu watamwona bahili au mshamba. Na wamwone. Vitu havikui juu ya rafu. Vimechimbwa ardhini, vimekunywa maji, vimepita mikononi mwa mtu aliyekuwa na hesabu ya siku ya kutimiza.

Nisieleweke kwamba nachukia viwanda. Chanjo inatoka kiwandani. Sabuni, miwani ya kusomea, bomba la maji safi, dawa ya kumwokoa mzazi wakati wa kujifungua, vyote ni kazi ya viwanda, na nisiposhukuru kwa hayo nitakuwa mnafiki. Hata Biblia niliyoshika imechapwa na mashine. Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, na kulima ni kuigeuza dunia kwa zana. Farao naye alikuwa na zana. Alichokosa ni pishi.

Kwa juma hili, kila nyumba ichague jambo moja tu, lile dogo kabisa ambalo linaweza kufanyika hata siku mbaya: simu kulala chumba kingine, kiporo kuliwa kabla ya kupika kipya, safari moja ya miguu mahali tulipozoea kupanda chombo. Mkichagua mengi yatakufa kufikia Jumatano. Mkishindwa siku moja, mana ya kesho haikukatwa kwa sababu ya mabuu ya leo. Iliendelea kushuka, kwao wote, hata kwa wale waliotoka kuiokota siku ya saba wasiione.

Na wakati mkifanya hayo, endeleeni kusoma mpaka sura ya 18. Huko mtamkuta Musa mwenyewe, aliyewatoa watu kwenye matofali, ameketi kuamua kesi za watu tangu asubuhi hata jioni, na mkwewe Yethro amesimama pembeni anamtazama. Mstari wa 18 ndio onyo alilompa: utajichosha, kazi hii huiwezi peke yako. Tutakapokutana tena nitawauliza ni nani kwenu anamwambia hivyo mchungaji wake, na ni mchungaji gani anayekubali.