Daktari alininyima kuimba, nikajifunza kusikiliza

Nilidhani ni mafua. Kwaya yetu ilikuwa imetoka kwenye mkutano wa injili wa siku tano uwanjani, maspika yananguruma nyuma yetu, na mimi wa sauti ya pili, ile ya chini ya wanawake, nakaza koo kila jioni angalau nijisikie. Jumatatu nikaingia darasani, nikafungua mdomo kuwasalimu watoto, ikatoka hewa tupu. Wiki mbili nikanywa tangawizi na asali, nikatafuna karafuu, mama mkwe akanichua shingo kwa mafuta ya nazi. Sauti ikarudi nusu. Ya chini ipo, ya juu inakatika kama uzi mbovu kwenye cherehani.

Daktari wa masikio, pua na koo aliniingizia kamera nyembamba, akanionyesha kwenye skrini. Nyuzi mbili za sauti, na kwenye ukingo wa kila uzi kinundu kidogo, vimekaa vinatazamana. Akasema huwaona sana walimu na waimbaji, nami ni vyote viwili.

"Mama, miezi minne usiimbe. Usipaze sauti. Na usinong'one."

Nikamwandikia kwenye karatasi: hata kunong'ona? Akanieleza kwamba kunong'ona nako kunazichosha nyuzi zile zile. Nikilazimika kusema, niseme taratibu kwa sauti yangu ya kawaida, halafu ninyamaze. Na maji, maji, maji. Shuleni mwalimu mkuu alinielewa, akanipunguzia vipindi na kunipa kazi ya kusahihisha madaftari. Namshukuru mpaka leo.

Kanisani ndiko kulikoniuma. Nimeimba kwaya ya usharika tangu nilipopata kipaimara, sikujua Jumapili bila kuimba inakuwaje. Jumapili ya kwanza nilikaa benchi la nyuma, wenzangu wamesimama na majoho yao, nikawa nabana midomo kama mtoto aliyekatazwa. Jumapili ya pili sikumaliza ibada. Nilipanda bajaji nikalia mpaka nyumbani.

Mwalimu wetu wa kwaya alikuja kunitazama jioni ile ile. Ni mtu wa maneno machache. Akaniambia, "Dada, miaka yote hii unasikia sauti yako na ya jirani yako, basi. Sasa umepata nafasi. Chukua albamu moja kwa wiki, isikilize yote, wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, usiruke. Halafu uje uniambie sauti ya pili inafanya nini humo ndani." Akaniandikia majina matatu nyuma ya bahasha ya sadaka. Mengine niliyatafuta mwenyewe.

Kuzipata kwa mpangilio wake kulinisumbua kuliko nilivyotarajia. Nilianza na CD za kwaya zetu nilizokuwa nimezinunua mlangoni mwa kanisa miaka ya nyuma, kisanduku kizima, na nyumbani hakuna tena mashine ya kuzichezea. Nikampelekea kijana mwenye kibanda cha kuweka nyimbo kwenye simu, hapa kwetu Gongo la Mboto mwisho, Dar es Salaam.

"Shikamoo mama. Nikupigie mchanganyiko mkali wa injili?"

Nikamwonyesha karatasi: *Sitaki mchanganyiko. Albamu nzima, kwa mpangilio.*

Akazihamisha. Nilipofungua usiku, nyimbo zilikuwa zimejipanga kwa alfabeti, wimbo wa mwisho umekuwa wa pili. Kesho yake nikarudi, tukakaa naye pamoja kwenye benchi lake, yeye anaandika namba mbele ya kila wimbo, 01, 02, 03, mimi nashika kasha la CD namwonyesha kwa kidole. Ilituchukua karibu saa nzima. Kwa albamu za nje nilijiunga na programu ya muziki kwenye simu. Ya bure ilikuwa inanichanganyia nyimbo na kuniwekea matangazo, kwa hiyo nikalipia, na nilikuwa nashusha usiku kwa bando la usiku. Kama unataka kujaribu jambo hili, anzia hapo: hakikisha nyimbo zinakuja kwa mpangilio ambao wenyewe waliupanga. Albamu iliyovurugwa ni kama mahubiri yaliyoanzia kwenye amina.

Nafundisha Buguruni. Natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, napanda gari la Ubungo linalopita Buguruni, nakaa dirishani upande wa kushoto, navaa hedifoni. Ukonga, Banana, uwanja wa ndege, Vingunguti, mpaka TAZARA tunakata kushoto kushika Barabara ya Mandela. Foleni niliyokuwa nailaani ikawa darasa langu.

Nikiambiwa nichague albamu moja tu kati ya zote nilizosikiliza, nachagua *Amazing Grace* ya Aretha Franklin, ya 1972. Alikuwa na miaka 29, tayari nyota mkubwa wa muziki wa kidunia, akarudi kanisani. Mchungaji James Cleveland yuko kwenye piano, kwaya ni Southern California Community Choir, na ilirekodiwa mbele ya waumini kwa usiku mbili, Januari 13 na 14, katika kanisa la Kibaptisti mjini Los Angeles. Hawakuwaondoa waumini. Unasikia watu wanaitika, wanapiga makofi, mtu anapiga kelele kwa furaha pembeni. Wimbo uliobeba jina la albamu unazidi dakika kumi, na humo ndani neno moja analivuta, analipandisha, analishusha, analiacha, analirudia, hadi unasahau kwamba ni neno moja tu. Nilipita kituo changu siku ile. Nilishtukia Relini, nikarudi kwa miguu.

Lakini mwalimu alikuwa ameniuliza kuhusu sauti ya pili. Kwa hiyo mara ya tatu na ya nne nikamwacha Aretha nikaifuata kwaya. Hawashindani naye hata kidogo. Akipanda, wao wanakaa chini kama zulia, akishusha pumzi ndipo wanainuka, na akianza tena wameshampisha. Pale ndipo nilipoona kosa langu la miaka yote. Mimi nilikuwa naimba *ili nisikike*. Ipo pia filamu ya usiku zile mbili, ilikaa kabatini zaidi ya miaka arobaini, kwanza kwa sababu walishindwa kuoanisha sauti na picha, kisha kwa kesi mahakamani, ikatoka 2018. Itazame baada ya kuisikiliza albamu, si kabla.

Jim Reeves wengi tumelelewa naye. Marehemu baba alikuwa na kaseti ya *We Thank Thee*, albamu yake ya dini ya 1962, akiipiga kila Jumapili asubuhi huku anapiga viatu rangi. Mkanda ukilegea tunauzungusha kwa kalamu. Nilimchukulia kama muziki wa wazee. Safari hii nilisikia kitu kingine: mtu yule hapazi sauti kabisa. Inafahamika kwamba tangu 1957 aliacha kuimba kwa nguvu, akawa anasogeza mdomo karibu kabisa na maikrofoni na kuimba taratibu, na ndivyo alivyopata ile sauti ya mahameli. Kwa mwenye vinundu kooni hilo lilikuwa somo la tiba. Niliiweka albamu hiyo wiki mbili badala ya moja, na sehemu ya wiki ya pili, nakiri, ilikuwa ni kumkumbuka baba.

Johnny Cash, *My Mother's Hymn Book*. Ilitoka 2004, mwaka uliofuata kifo chake. Gitaa moja na sauti moja ya mwanaume mzee, anaimba nyimbo za kitabu cha tenzi cha mama yake. Hakuna kwaya, kwa hiyo sauti ya pili haipo, na nilimwambia mwalimu hivyo. Akajibu, "Basi ndiyo ujue wimbo unasimama bila wewe." Iliniuma kidogo, ila alikuwa sahihi. Mama yangu ana *Tenzi za Rohoni* yake ya zamani, jalada limeshonwa kwa uzi mweusi, kurasa za mwanzo zimeungwa kwa gundi. Nilimpelekea hedifoni akasikiliza. Kiingereza hajui, lakini kila tuni aliyoijua alikuwa anaishika kwa kichwa na kufungua ukurasa wake kwenye kitabu, ananionyesha namba. Nyimbo nne alizipata hivyo.

Za karibu nasi, anza na *Kwetu Pazuri* ya Ambassadors of Christ wa Kigali. Ni Waadventista, wanaimba Kiswahili kama wamezaliwa Kigoma, na ukitaka kusikia sauti nne zimeachana wazi, kila moja na njia yake, hakuna darasa zuri zaidi. Nasikiliza nikiwakumbuka pia wenzao waliofariki kwenye ajali ya barabarani hapa nchini mwaka 2011. Kwa Wakatoliki na wapenda nota, tafuteni kazi za Kwaya ya Mtakatifu Kizito ya Makuburi, hapa hapa Dar, hasa tungo za Bernard Mukasa. Kinanda chake kinatembea na sauti ya pili haikai bure hata mstari mmoja. Rose Muhando nampenda kwa moyo wote, *Mteule Uwe Macho* sijawahi kuichoka, ila koo lile alipewa yeye. Usimwigize ukiwa unapona.

Soweto Gospel Choir, kwaya iliyoanzishwa 2002, wana albamu iitwayo *Blessed* iliyopata tuzo ya Grammy 2007. Isikilize asubuhi, si usiku, vinginevyo hulali.

Kuna moja niliyosita kuitaja kanisani. *A Love Supreme* ya John Coltrane, mpiga saksofoni wa Marekani, ilirekodiwa jioni moja ya Desemba 9, 1964. Ni jazi, na karibu haina kuimba: mwishoni mwa sehemu ya kwanza sauti inarudia rudia maneno ya jina la albamu, basi. Coltrane alikuwa mjukuu wa wachungaji pande zote mbili, ingawa imani yake ya ukubwani ilikuwa pana kuliko ya kanisa moja, kwa hiyo simwiti mwimbaji wa injili. Lakini aliandika sala ndefu ya shukrani kwa Mungu, ikachapwa kwenye kasha, na katika sehemu ya nne, aliyoiita "Psalm", saksofoni inaifuata sala ile neno kwa neno. Nilishusha maneno yake kwenye simu nikayafuata kwa macho huku nasikiliza, gari limesimama kwenye taa za TAZARA. Mwezi wa tatu huo, sijaimba hata ubeti. Mtu anaomba kwa chombo, mdomo hausemi kitu, na bado ni sala. Nikaomba naye.

Mwisho wa mwezi wa nne daktari akaingiza tena kamera yake. Kinundu kimoja kilikuwa kimetoweka, cha pili kimebaki alama. Akaniruhusu dakika kumi kwa siku, kwa sauti ndogo.

Jumatano nikaenda mazoezini na chupa yangu ya maji. Mwalimu akatoa nota, nikaingia chini, taratibu, mdomo karibu umefungwa, nikiwasikiliza wa sauti ya kwanza kwanza. Tulipofika ubeti wa pili mama aliyesimama kulia kwangu, tuliyeimba naye miaka kumi na minane, aligeuka akanitazama, halafu naye akapunguza sauti.

Dakika zangu kumi zilipoisha nikakaa. Baadaye akanifuata nje, akanipa simu yake. "Niwekee hizo ulizokuwa unasikiliza. Zote, na namba zake."